Barafu ya Samaki

Mwanza neno kambi lina maana mbili, na watu wa maana hizo mbili hupishana barabarani bila kujuana. Kuna kambi ya watalii. Hao utawaona kwenye magari makubwa yenye mahema juu ya paa, wametoka Serengeti kwa lango la Ndabaka au ndiyo wanaelekea huko, wamesimama mjini kununua maji na mkate. Nyuma ya gari, katikati ya masanduku ya vyombo, mara nyingi kuna friji dogo la volti 12. Watalala porini siku 4, na siku ya 4 maziwa yao hayatakuwa yamechacha wala bia zao hazitakuwa za moto.

Halafu kuna kambi ya wavuvi: mabanda ya mabati na nyasi kwenye ufukwe wa kisiwa, nyavu zimeanikwa, dagaa wametandazwa mchangani, redio inaimba tangu alfajiri. Watu hufika kwa msimu mmoja wakajikuta wamekaa miaka 10. Huko hakuna aliyekwenda kupumzika.

Mama yangu anaishi kwenye kambi ya aina ya pili. Alikwenda mwaka 2009 kupikia wavuvi kwenye moja ya visiwa vya Buchosa, akiwa na sufuria 3 na mimi nikiwa darasa la tano nimeachwa kwa shangazi. Sufuria zile ndizo zilizonilipia sekondari na chuo. Leo mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mama bado anapika. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 2022 anajichoma insulini mara 2 kwa siku, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya ugali.

Sheria za insulini nilizisikia kwa muuguzi wa kliniki, nikaziandika nyuma ya risiti. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea maelekezo ya aina yake. Isipigwe na jua. Na jambo ambalo wengi hawalijui: isigande. Insulini iliyoganda ikayeyuka huweza kuonekana kama kawaida machoni, lakini kazi haifanyi tena. Inatupwa.

Mama alisikiliza yote kwa adabu, akaitikia kila sheria, kisha tulipotoka nje akaniuliza, "Sasa huyu dada anajua mimi ninakaa wapi?"

Anakokaa ni hivi. Unavuka kwa kivuko hadi Kamanga, unapanda gari hadi Nyakaliro, kisha mtumbwi wa injini. Ukiwahi kila kitu unafika jioni. Miezi ya katikati ya mwaka, upepo wa kusini ukishika, mtumbwi unaweza kukaa siku nzima ukisubiri ziwa litulie. Umeme wa gridi haujafika. Kila safari ya mama kuja mjini kuchukua dawa ilikuwa siku 3 bila kupika, na wavuvi hawasubiri. Ukifunga jiko siku 3, siku ya 4 unakuta mwenzako amefungua lake.

Nilimwambia ahamie kwangu. Nina chumba kimoja Igoma, na friji la mwenye nyumba liko koridoni. Akanijibu, "Mwanangu, nikija kwako nitakuwa mgonjwa. Huku mimi ni mpishi mwenye sukari." Sikuwa na jibu la sentensi hiyo, na mpaka leo sina.

Likabaki swali la ubaridi.

Kinachouma ni kwamba ubaridi kisiwani ulikuwepo tangu zamani. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanza ikajaa viwanda vya kukata minofu ya kupeleka Ulaya. Sangara akioza hana soko, kwa hiyo barafu ikaanza kusafiri. Mpaka leo maboti ya kukusanya samaki huja visiwani na matumbo yaliyojaa barafu iliyosagwa, yanazunguka mwalo hadi mwalo yakipima samaki, yanarudi mjini. Barafu ilikuwa ikipita hatua 30 kutoka kwenye jiko la mama kila baada ya siku chache.

Mwanzoni ndiyo tuliyoitegemea. Mama alikwenda na chupa ya chai, ile ya kutunza joto, akaomba kiganja kimoja. Siku nyingine alipewa. Siku nyingine kijana wa botini alimjibu bila ubaya wowote, "Mama, hii ni barafu ya samaki." Na alikuwa anasema kweli. Barafu ile ilikuwa imepimwa, ina tajiri wake na hesabu yake, na kijana angeulizwa samaki wakifika wamelegea. Hata alipopewa, dawa haikuwa salama sana. Barafu inayotoka kiwandani inaweza kuwa chini ya sifuri, na chupa ikiigusa inaweza kuganda. Mama aliifunga chupa kwa kitambaa, akaiweka ndani ya kikombe, kikombe ndani ya chupa ya chai. Kesho yake mchana yalikuwa maji ya uvuguvugu, na boti lilikuwa limekwenda.

Baada ya hapo tulitumia mtungi. Hili halihitaji fundi. Mtungi wa udongo unaweka juu ya mchanga uliolowa, unafunika kwa kitambaa kibichi, unauweka kivulini penye upepo. Maji yanapokauka juu ya udongo yanaondoka na joto. Mnigeria mmoja, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa vyungu viwili vilivyopachikana na mchanga wa maji katikati, vya kutunza mboga kaskazini mwa nchi yake. Kule hewa ni kavu. Kwetu ziwa liko mlangoni. Nilimnunulia mama kipimajoto: saa 8 mchana, nje nyuzi 30, ndani ya mtungi 25. Jioni hewa ikijaa unyevu tofauti ilishuka hadi nyuzi 2. Mtungi ulitosha kwa chupa iliyofunguliwa. Akiba ya miezi 3 haukuiweza.

Nikaanza kuuliza mafundi. Friji bila umeme si jambo geni duniani. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 ikachomwa mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14. Mwaka huohuo wa 1922 huko Stockholm wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji linaloendeshwa kwa moto badala ya mota. Ndiyo asili ya friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo miaka mingi kwenye zahanati za vijijini Afrika. Siku hizi zahanati zinapewa friji za sola, na zipo za aina isiyotumia betri kabisa: mchana zinagandisha barafu kwenye kuta zake, usiku zinaishi kwa barafu hiyo. Ukara, kisiwa cha Ukerewe, walipata mtambo wa sola wa kijiji mwaka 2016. Ila mtambo hauwezi kusafirishwa kwa mtumbwi, na friji la zahanati bei yake si ya karani.

Fundi niliyempata anatengeneza magari ya watalii. Kwenye karakana yake, nyuma ya mlundo wa springi, palikuwa na friji la lita 40, la kufungulia juu kama sanduku, lililotolewa kwenye gari lililopinduka. Alilipulizia vumbi, akaliunganisha kwenye betri, likaguruma kidogo kisha likanyamaza kama paka. "Dada, usimpelekee mama friji la nyumbani na inveta," aliniambia. "Inveta inakula umeme hata friji likiwa limelala. Hili linakunywa betri moja kwa moja." Bei ilikuwa chini ya nusu ya jipya, na bado ilikuwa mishahara yangu miwili.

Kabla ya kulipa nilipiga hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Friji lile likiwa linafanya kazi hula wati 45. Halifanyi kazi muda wote. Kwa joto la kisiwani tulikadiria saa 10 kwa siku. Hizo ni wati-saa 450. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ya asidi ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo uhesabu nusu: 600. Paneli 2 za wati 100 zikipata jua zuri la saa 5 zinatoa 1,000, toa robo kwa joto, vumbi na nyaya, zinabaki 750. Unaingiza 750, unatumia 450. Kwenye karatasi, mama alikuwa tajiri.

Tulivuka na mzigo ule Novemba 2023, paneli zimefungwa kwenye godoro. Fundi alinipa masharti manne, nikayatimiza kwa msaada wa mvuvi mmoja mwenye nyundo. Waya uwe mnene na mfupi, maana volti 12 zinapotea njiani kwenye waya mwembamba. Paneli zilale karibu bapa, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini ziwe na mteremko kidogo mvua izioshe. Friji lisikae ndani ya banda la bati, likae chini ya nyasi, mbali na mafiga. Na kichungi cha feni kifutwe kila siku. Sharti la mwisho sikulielewa hadi siku ya tatu, wale wadudu wadogo wa ziwani walipoinuka majini kama moshi mweusi na upepo ukawaleta kwetu. Walifunika paneli zote mbili kama masizi, wakajaa kwenye feni, wakaingia kwenye mchuzi. Mama alichukua ufagio wa chelewa akapanda kwenye ngazi kabla hata ya kuwatoa kwenye sufuria.

Ndani ya friji niliweka kipimajoto katikati, chupa 6 za insulini ndani ya kikopo cha plastiki mbali na ukuta unaogandisha, na chupa za maji za jumla ya lita 12. Maji yale ni akiba. Yakishapoa yanashika ubaridi, friji likizimika hayakubali joto liingie haraka. Asubuhi ya pili kipimajoto kilisoma 5. Mama alikitazama, akakirudisha, akafunga mfuniko taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Niliandika kanuni kwenye kipande cha boksi: DAWA TU. Nikanunua na kufuli. Nikarudi mjini.

Mwezi uliofuata nilipokwenda, kufuli lilikuwa linafunga banda la kuni. Ndani ya friji, pembeni ya kikopo cha dawa, kulikuwa na soda 12. Ukutani, kwenye ubao wa swichi wenye matundu 8, simu zilikuwa zimejipanga zinachaji. Tulibishana usiku ule kwa sauti ya chini, kwa sababu kuta za mabati hazina siri. Nilimwambia friji ni la dawa. Akaniuliza betri itakapokufa nitainunua kwa mshahara gani. Nikamwambia nitajua. Akasema, "Friji lisilouza ni deni, mwanangu. Wewe umesoma hesabu, hesabu na hilo."

Nikahesabu. Soda 12 zikiingia za moto, kuzipoza kunakula wati-saa 70 hivi. Simu 12 kwa siku, kama 180. Jumlisha na 450 za friji lenyewe: 700. Zinazoingia ni 750. Ilikuwa imebaki 50. Sikujua kama nimkasirikie au nimpe kazi dukani kwetu, maana bila kalamu alikuwa amefika kwenye ukingo kabisa wa uwezo wa kile kitu na kusimama hapo.

Hesabu ile lakini ilikuwa ya jua. Aprili 2024, masika, mawingu yalikaa siku 3. Nilikuwepo, nimekuja kwa sikukuu ya Idi. Siku ya wingu zito paneli zile hutoa labda wati-saa 200. Asubuhi ya kwanza mama alitazama ziwa, akatazama taa ndogo ya chaji kontrola, akatoa soda zote. Saa 4 akachomoa simu.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuja. Simu kisiwani ndiyo inakuambia bei ya samaki mjini kabla boti halijafika kukupangia, na ndiyo inayopeleka ada ya shule. Mvuvi mmoja, mtu mzima, alisimama mlangoni na simu yake imezimika mkononi. "Mama, mke wangu anajifungua wiki hii," alisema. "Kwangu mimi simu ndiyo dawa."

Nilitaka mama akatae. Sababu nilikuwa nazo na namba nilikuwa nazo: hata bila soda na simu tulikuwa tunapungukiwa 250 kila siku, betri ilikuwa na siku 2 tu. Mama aliichukua ile simu moja, akaichaji kwa nusu saa huku amesimama pembeni yake, akaichomoa akamrudishia. Wengine waliokuwa nyuma walitawanyika. Hakuna aliyesema kitu. Mke wa yule mvuvi alijifungua salama siku mbili baadaye, na mimi sijui niliandike wapi hilo kwenye mizani yangu.

Usiku wa siku ya tatu betri ilifika mwisho tuliokuwa tumejiwekea. Saa 4 mama alilizima friji kwa mkono wake. Tulilifunika kwa magunia na blanketi. Akasema mtu asifungue mpaka kukuche, akalala. Mimi sikulala. Chupa 4 za akiba zilikuwa humo, na boti la kunirudisha lilikuwa halijulikani. Nilisikia mvua ikianza na kuacha mara tatu.

Kulipokucha tulifunua. Kipimajoto kilisoma 10. Kilikuwa 4 tulipolizima. Maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Nilimpigia muuguzi, kwa simu yangu niliyoiweka akiba, akasema saa chache kwenye nyuzi hizo haziharibu dawa, lakini isiwe mazoea. Saa 5 wingu lilipasuka. Friji lilipoguruma, mama alikuwa anakanda unga wa chapati, na hakugeuka.

Tangu masika yale paneli ni 3. Ya tatu niliinunua mimi, na mabano ya kuishikilia yalinunuliwa na wavuvi, waliochangishana bila mtu kuwaomba. Kufuli halijarudi. Mimi bado naamini lingekaa pazuri pale. Mama bado anaamini halina kazi. Tumeacha kulizungumza. Kwenye ubao wa banda, mahali anapoandika madeni ya chakula kwa chaki, mama ameongeza safu moja: volti za asubuhi. Zikishuka chini ya kiasi alichokiweka, soda hazipoi siku hiyo na simu hazichaji, na watu wanasoma wenyewe wanaondoka. Wengine wanapita kuangalia namba kabla hata ya kuniamkia.

Mwaka jana alifika kijana kutoka kambi ya ng'ambo, na chupa yake imeviringwa kwenye leso mbichi. Ana miaka 19, ana sukari tangu utotoni, alikuwa ameficha ugonjwa ili asinyimwe nafasi kwenye mtumbwi. Alikuwa amesikia kwamba kuna mama mwenye baridi. Mama hakuniuliza. Alimtafutia kikopo chake, akakibandika plasta nyekundu ili dawa zisichanganyike, na soda 12 zikawa 9. Kwa mwezi hizo soda 3 ni hela ya kutosha kuonekana. Nimeziona kwenye daftari. Sikuzizungushia duara.

Boti la barafu bado linakuja. Kijana wa siku zile amekuwa nahodha, na akishamaliza kupima samaki hupanda hadi jikoni, jasho limemtoka, akaomba soda ya baridi kwa mkopo. Mama humwandikia kama wengine.

Betri sasa inaingia mwaka wa tatu na haishiki kama zamani. Volti za asubuhi ubaoni zinashuka polepole, hata wiki ya jua. Fundi anapendekeza ya lithiamu, nyepesi zaidi na unaweza kuitumia karibu yote, ila bei ni mara kadhaa ya hii. Kwenye kopo la maziwa mama ana zaidi kidogo ya nusu ya hela hiyo, noti zimekunjwa kwa mafungu ya elfu 10. Nilimpigia juzi kumweleza. Aliuliza bei mara mbili. Kisha akauliza uzito, kwa sababu upepo wa kusini umeanza, na itabidi ivuke kwa mtumbwi.